Hizi rimasta za albamu za soul ni usanii mtupu, mwenye hoja aje

#1 JabaliLaUpanga
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja.

Siku hizi ukiingia Spotify ukatafuta albamu yoyote ya zamani ya soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, Marvin Gaye, Otis Redding, Aretha, Al Green, Curtis Mayfield, wote hao, mbele ya jina la wimbo unakuta "Remastered" na mwaka, yaani rimasta, rekodi ileile iliyoandaliwa sauti upya. Ile ya kwanza kabisa mara nyingi haipo, huna hata pa kuichagulia. Halafu albamu ikitimiza miaka 30 inatoka tena, ikitimiza 40 inatoka tena, 50 ndo usiseme, boksi jipya, picha mpya, bei mpya, nyimbo zilezile.

Mi nimekaa na What's Going On ya Marvin matoleo matatu, CD ya zamani ya mshua, ile Deluxe Edition ya 2001 na hii iliyoko mtandaoni. Hedifoni zilezile, kiti kilekile. Nilichosikia ni kwamba sauti imepandishwa tu, Marvin kasogezwa mpaka masikioni, ngoma zinagonga muda wote, ukifika nyimbo ya nne umeshachoka na hujui umechoshwa na nini.

Kwa hiyo nasema hivi: tunauziwa kitu kilekile mara nne kwa kuongezewa ukubwa wa sauti. Nibishieni.

#2 Kisiki cha Mpingo
Siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 FundiMitambo
Jabali salama. Ngoja niweke kitu kimoja kabla watu hawajaanza kurushiana mawe.

Motown, lebo ya kina Marvin, walikuwa wanarekodi kwenye tepu ya njia nyingi, mwanzoni mwa miaka ya 60 njia tatu, baadaye nane na kuendelea. Besi ina njia yake, ngoma yake, mwimbaji yake. Injinia akishazichanganya anapata tepu nyingine ya njia mbili, kushoto na kulia, hiyo ndo masta. Sasa mtu wa rimasta anashika hiyo ya njia mbili. Hawezi kumsogeza Marvin peke yake akamwacha James Jamerson na besi lake palepale, akimgusa mmoja kawagusa wote. Anachoweza ni kuongeza juu, kupunguza chini, kusafisha mchakacho, kupandisha ukubwa. Akirudi kwenye ile ya njia nyingi akachanganya upya, hiyo ni rimiksi, kazi nyingine na mara nyingi mtu mwingine.

Hilo la kelele hujakosea. CD ina mwisho wake, sifuri, huwezi kupita hapo. Kuanzia miaka ya 90 kila lebo ilitaka CD yake ikiwekwa isikike kubwa kuliko iliyotangulia, kwa hiyo wanaminya, vya chini vinapandishwa, vya juu vinakatwa vichwa. Waliumia zaidi watu wa rock ila soul haikupona. Ule mnong'ono na ule ukelele unakuta viko karibu sawa, na soul yote inaishi hapo kati ya mnong'ono na ukelele.

#4 Kalamu Kavu
Kwani hiyo What's Going On si ya 1973? Muda huo studio zao zilishakuwa juu, sioni hata ilikuwa inarekebishwa nini.

#5 ShemejiWaMotown
1973 ni Let's Get It On. What's Going On ilitoka Mei 1971, lebo ya Tamla chini ya Motown. Kalamu wewe unachanganya albamu ya kuwaza na albamu ya kuzimia taa 😂

#6 Kalamu Kavu
Zote mi nazimia taa, umeme wa LUKU unapanda.

#7 MamaTausi254
Habarini. Mimi naona mnazunguka tu. Shida iko kwa masikio yetu.

Tuambiane ukweli, wangapi hapa walijua soul kwa santuri halisi? Kwetu Nakuru ilikuwa kanda, na si kanda ya dukani, ni kanda iliyodurufiwa kutoka kwa kanda nyingine iliyodurufiwa, ya mjomba wa mtu. Ikifika kwako besi imebaki kidogo, juu kumefifia, kuna ule mvumo unasikika wimbo ukiisha. Na deki yetu mota yake ilikuwa inakimbia. Nimekua nikijua sauti ya Al Green ni nyembamba hivi ya juu, nimekuja kununua I'm Still in Love with You ya 1972 kwa CD nikiwa mtu mzima na kazi yangu, nikashangaa huyu mwanaume mbona amepoa, mbona anaimba pole pole hivi. Nikamshuku mwenye duka. Nikapigia ndugu yangu simu nikamwekea, naye akasema huyo si yeye!

Na ndiye, ni mota tu ilikuwa inamkimbiza. Hadi wa leo nikisikia Love and Happiness kwa mwendo wake wa kweli natamani kumsukuma. Kwa hivyo mtu akiniambia "rimasta imeharibu" namuuliza kwanza, ulisikia wapi hiyo ambayo haijaharibika?

#8 Kisiki cha Mpingo
Mama Tausi umemaliza uzi 😂😂 "huyu mwanaume mbona amepoa"

#9 JabaliLaUpanga
Mama shikamoo, nimekuelewa, ila mi sijalinganisha na kanda. CD kwa CD. Masikio yangu hayana mota.

#10 Mkaa Kibarazani
Salaam aleikum jamaa. Jabali wewe wapigania toleo la kwanza, toleo la kwanza lipi? Maana hapo ndipo penye mtihani.

Hawa watu wa soul miaka ya 60 kazi yao khasa ilikuwa mono, sauti yote njia moja. Singo inachanganywa kwa ajili ya redio ya gari na redio ya mezani, spika moja ndogo, na Motown walikuwa wakiijaribu kwenye spika ndogo kama hiyo kabla hawajaitoa. Stirio, ya kushoto na kulia, ilikuwa ya watu wachache wenye mashine, ikifanywa baadaye tena kwa haraka, ndiyo maana nyengine wasikia mwimbaji kakaa upande mmoja peke yake na wapigaji upande wa pili kama waliogombana. Sasa ukienda kununua leo wapewa stirio, na lililopigwa redioni likapendwa lilikuwa mono.

Tazama Otis Blue ya Otis Redding ya 1965. Ilirekodiwa Memphis pale studio ya lebo ya Stax mwezi wa Julai, karibu yote kwa kama siku moja tu, na usiku walikatisha ili wapigaji wende kwenye kumbi zao za kila siku halafu wakarudi kumalizia. Lebo ya Rhino mwaka 2008 wakaitoa upya ikiwa na zote mbili, mono na stirio. Sikiliza I've Been Loving You Too Long ya mono halafu ya stirio. Si miksi tu iliyobadilika yakhe, ni rekodi nyengine, Otis kaimba mara ya pili. Sasa hapo "ya kwanza" utashika ipi?

#11 FundiMitambo
Nakazia alichosema Mkaa. Kwa anayetaka mono za Motown kuna ule mfululizo wa The Complete Motown Singles, boksi 14, kuanzia 1959 mpaka 1972, singo kama zilivyotoka. Ule ulifanywa na watu wanaojali. Bei yake sasa hivi mnijulishe mkiipata, mi niliishia kuangalia picha.

#12 AbuSalim_Muscat
Assalamu alaykum kutoka Muscat. Niliusoma uzi wote nikasema leo lazima nichangie.

Mie ni mtu wa santuri, na kwa miaka nilikuwa nikiamini kwamba dawa ya yote haya ni santuri iliyokatwa moja kwa moja kutoka tepu ya masta, hapana kompyuta katikati. Kuna kampuni ya Kimarekani, Mobile Fidelity, wakusanyaji tunaiita MoFi, sifa yake ilikuwa hiyo, na What's Going On wameitoa. Wenye masikio ya dhahabu wakiandika kurasa na kurasa kwamba wanasikia uanalogi wake, uvuguvugu, hewa, sijui nini.

Mwaka 2022 mwenye duka mmoja la santuri wa Phoenix, Arizona, akatoa video YouTube, kasikia kwamba MoFi wanapitisha tepu kwenye digitali kwanza ndio wakate. Watu wakamtukana sana. Halafu akaalikwa kiwandani kwao California, akawauliza mainjinia wenyewe mbele ya kamera, wakasema ndiyo, na kwa miaka. Gazeti la Washington Post likaandika, kesi ikaenda mahakamani, kampuni ikakubali kulipa wanunuzi. Kilichowatia watu shaka mwanzo ni kwamba walitangaza Thriller ya Michael Jackson nakala 40,000, na kama kweli wakikata moja kwa moja, tepu ya masta ingepitishwa mashine mara ngapi? Hapana mwenye akili angeruhusu.

Sasa nimalizie. Wale wale waliokuwa wakisikia uanalogi, waliposikia habari wakaanza kusikia udigitali. Santuri ile ile, sindano ile ile! Mie yangu sikuirudisha. Naipenda. Lakini tangu siku hiyo mtu akiniambia anasikia kitu namwambia inshallah.

#13 Kalamu Kavu
"namwambia inshallah" 😂 hiyo nimeiba.

Hela za Ghuba lakini. Huku sisi sindano ya gramafoni tu mtu anakuletea kutoka nje kama dawa.

#14 Binti Temeke
Sasa swali la mjinga, samahani wataalamu. Kama tatizo ni kuminya, kwa nini wasiende tu kwenye tepu ya masta wakaihamisha ilivyo bila kugusa kitu? Ugumu uko wapi?

#15 Kisiki cha Mpingo
Masta zenyewe hazipo binti. Ziliungua zote Universal ule moto wa 2008, Motown yote ikaenda, ndo maana wanatumia nakala ya nakala na inasikika vibaya. Hii ilitoka kwenye New York Times.

#16 ShemejiWaMotown
Kisiki taratibu, umechukua mioto miwili ukaongeza chumvi yako.

Wa kwanza ni Februari 1978, Long Branch, New Jersey, ghala walikokuwa wamehifadhi tepu za Atlantic, lebo ya Aretha Franklin. Maelfu ya tepu yalienda, ila nyingi zilikuwa za kazi zilizobaki studio, majaribio, nyimbo ambazo hazijatoka. Masta za albamu zilizotoka zilikuwa New York, ndo maana Aretha wa 1967 bado anasikika kutoka masta.

Wa pili ni Juni 2008, eneo la Universal Studios kule Hollywood. Umma ukaambiwa hasara ni ndogo. 2019 New York Times wakatoa makala ndefu kwamba nyaraka za ndani za Universal zenyewe zilikadiria nyimbo kama laki tano. Universal wakajibu kwamba imetiwa chumvi, wasanii wengine wakaenda mahakamani, na ubishi wa kipi kiliungua haujaisha. Ila ya "Motown yote" hiyo umeitoa kwako nyumbani. Hizi boksi za Marvin zinazotoka na nyimbo za ziada ambazo hatujawahi kuzisikia wanazitoa wapi, majivuni?

#17 Kisiki cha Mpingo
Sawa shemeji usipige mtoto wa watu. Ila nakala za nakala zipo, hilo hulipingi.

#18 FundiMitambo
Zipo. CD nyingi za miaka ya 80 zilitengenezwa na tepu zilizoandaliwa kwa ajili ya kukata santuri, tayari besi imepunguzwa ili sindano isiruke. Kulikuwa na haraka, CD ni mpya, watu wanazitaka, injinia anachukua tepu ya kwanza kwenye rafu. Motown hata walikuwa wanabandika albamu mbili kwenye CD moja. Kwa hiyo Jabali hiyo CD ya mshua usiiabudu sana, inawezekana ni tulivu kwa sababu hakuna aliyeigusa, na inawezekana imepooza kwa sababu hiyohiyo.

Binti Temeke, jibu lako. Tepu inazeeka. Zile za kuanzia miaka ya 70 hasa, gundi inayoshika unga wa sumaku inanyonya unyevu, ukiipitisha kwenye mashine inanata, inalia, unga unabaki kwenye hedi na muziki unabaki nao. Wanachofanya wanaioka. Ndiyo, wanaioka, nyuzi kama 50 hivi kwa saa nyingi, ikikauka wanapata muda mfupi wa kuihamisha. Za miaka ya 60 hazina sana ugonjwa huo ila nazo zinapoteza, zinakatika, zimewahi kuunganishwa kwa selotepu iliyokauka. Kwa hiyo "ilivyo" ya leo si ilivyo ya 1967. Ukiihamisha bila kugusa kitu unahamisha na uzee wake.

#19 Binti Temeke
Wanaoka muziki 😳 ahsante sana kaka Fundi.

#20 Mzee Magomeni
Vijana hamjambo. Mnagombana kuhusu matoleo, mnajua kwamba hapa Dar muziki wenyewe wa soul ulipigwa marufuku?

Novemba 1969. Ni mwaka uleule wa Operesheni Vijana, ile ya kukataza sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, wana Umoja wa Vijana wa TANU wanazunguka. Ikaja na ya soul, kwamba inapotosha vijana na utamaduni wetu. Watu wakaandika barua nyingi magazetini, wengine wakiunga mkono, wengine wakihoji, huu ni muziki wa watu weusi wenzetu wa Marekani, mbona densi za Kizungu hamzigusi? Sisi tuliokuwa vijana tuliendelea kusikiliza ndani, sauti ya chini. Hivyo habari ya sauti kuminywa sisi tuliianza mapema.

#21 JabaliLaUpanga
Shikamoo mzee. Hii sikuijua kabisa.

#22 ShemejiWaMotown
Mzee shikamoo. Uzi mzima na huyu mzee alikuwa anatuangalia tu.

#23 Kalamu Kavu
Turudi. Nina hoja na hamtanikata. Spotify siku hizi inasawazisha yenyewe, ukiiacha kwenye mpangilio wa kawaida nyimbo zote zinaletwa kwenye usawa mmoja, -14 LUFS, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Rimasta iliyopigwa kelele inashushwa, ya zamani iliyo tulivu inapandishwa. Kwa hiyo Jabali unalalamika kitu ambacho simu yako imeshakirekebisha.

#24 FundiMitambo
Nusu kweli. Usawa unarudi, kilichokatwa hakirudi. Ukiminya halafu ukashusha unapata kitu kilichominywa kwa sauti ya chini. Ndo kusema kwa sasa aliyepiga kelele hapati faida yoyote, na wa kwanza kunufaika ni yule aliyeiacha albamu ipumue. Ila hizo rimasta za 1998, za 2001, zilishafanywa, na ndizo zilizopakiwa mtandaoni kwa sababu ndizo zilikuwa faili tayari.

Jabali nikuombe kitu. Linganisha tena, lakini kwanza lete matoleo yote kwenye usawa mmoja wa sauti, kwa kipimo, usikadirie kwa sikio. Sikio likipewa kubwa kidogo tu linasema ndo nzuri. Na mtu akuwekee bila kukwambia ipi ni ipi.

#25 MamaTausi254
Na biashara hamuisemi? Kwa nini Stax ya zamani inatolewa na watu wawili tofauti na kila mmoja anasikika vyake? Ya mpaka 1968 iko Atlantic, yaani Warner, inatoka kwa Rhino. Ya baada ya hapo iko kwa kampuni nyingine, Concord. Sababu ni karatasi. Stax walikuwa wanasambaziwa na Atlantic, Atlantic ikauzwa kwa Warner 1967, Jim Stewart mwenye Stax anataka kuondoka na vitu vyake anaonyeshwa mkataba alioutia sahihi mwenyewe, masta zote zilizosambazwa ni za Atlantic. Otis amekufa na ndege Desemba hiyohiyo 1967, wale waimbaji wawili Sam and Dave wakarudi Atlantic. Kampuni ikaanza upya bila hata wimbo mmoja wa zamani, ndiyo unaona 1969 wanatoa albamu nyingi kwa mpigo, Hot Buttered Soul ya Isaac Hayes ikiwa mojawapo, nyimbo nne tu albamu nzima.

Sasa mtu wa rimasta anapewa kazi na nani? Na mwenye karatasi. Na mwenye karatasi anaangalia nini? Haki zake ziko wapi, mwaka wa kuadhimisha ni upi, na ni nini hakijauzwa bado. Masikio yako hayako kwa hiyo orodha.

#26 Mkaa Kibarazani
Bi Tausi umenena. Niongeze kidogo. Ulaya rekodi iliyotoka kabla ya 1963 haki zake zimekwisha, walibadilisha sheria ikawa miaka 70 lakini hawakuzirudisha zilizokwishatoka. Ndiyo ukaona CD za Ray Charles na Sam Cooke za bei ya nauli, jalada zuri, ndani wametoa kwenye santuri au CD ya mtu mwengine. Nazo zaandikwa rimasta. Hapana tepu ya masta iliyoonekana hapo hata kwa mbali.

#27 Mwana Lubumbashi
Jambo bandugu, mutanisamehe Kiswahili changu cha Lubumbashi.

Mimi naona munasahau kitu moja. Kutoa upya haiko tu kupandisha sauti, kuko mambo ingekufa. Nasema Zaïre 74, tamasha ya muziki ya Kinshasa. Septemba 1974, siku tatu, ilipangwa pamoja na ngumi ya Ali na Foreman, halafu Foreman akapasuka karibu na jicho, ngumi ikasogezwa mpaka mwisho wa Oktoba, muziki ukaendelea. James Brown alikuya, Bill Withers, B.B. King, The Spinners, Celia Cruz, Miriam Makeba. Na bakwetu, Tabu Ley, Franco na TP OK Jazz, Abeti. Filimu ya Soul Power ilitoka 2008, na munaona humo Wamarekani zaidi. Tepu za bakwetu zilikaa mpaka 2017 ndiyo zikatoka kwa disiki. Miaka zaidi ya 40! Baba yangu alikuwa huko uwanjani na alikufa mbele haijatoka. Nikisikia Franco humo siulizi kama wameminya ao hawakuminya.

#28 Binti Temeke
Pole sana kaka, na asante kwa hii. Naitafuta leo.

#29 ShemejiWaMotown
Mwana Lubumbashi kafungua mlango ambao nilikuwa nauzunguka. Jabali anazungumzia albamu ambazo kila mtu anazo. Kuna upande wa pili. Shuggie Otis alitoa Inspiration Information 1974, ikapita kimya, lebo ya Luaka Bop wakaitoa tena 2001 ndo dunia ikajua. Betty Davis albamu zake za 1973 na 1974, wengi hatukuwa tunajua hata kama zipo, lebo ya Light in the Attic wakazitoa tena 2007. Numero Group wa Chicago, nao watoaji upya, walianza na nyimbo za lebo ndogo ya Ohio inaitwa Capsoul, 2004, nyimbo za watu waliokuwa wameshaenda kufanya kazi nyingine zamani. Kwa hawa rimasta ndo uhai wenyewe, kwa sababu santuri ya kwanza anayo tajiri mmoja Japani na mwingine Uingereza.

#30 JabaliLaUpanga
Shemeji hao siwagusi. Mi nasema hawa wakubwa. Na sijasikia mtu akinijibu kuhusu nyimbo za bonasi. What's Going On ina nyimbo tisa, zimeunganishwa moja inaingia nyingine, dakika 35 hivi, ya mwisho Inner City Blues inapoisha inarudi ile ya mwanzo, mduara umefungwa. Halafu CD inaendelea! Unawekewa singo, unawekewa majaribio, unawekewa jamaa anahesabu moja mbili tatu studio. Nani alikuomba?

#31 Kalamu Kavu
Bonasi ni kitufe tu mkuu, bonyeza stopu.

#32 Mkaa Kibarazani
Mie namuunga mkono Jabali kwenye hili, mgeni kashaaga wewe wamrejesha ndani kwa mkono.

#33 FundiMitambo
Mi napingana nanyi wote wawili. Hiyo Deluxe ya 2001 mnayoilaumu ndo iliyotoa Detroit Mix. Albamu ilishachanganywa Detroit mwanzoni mwa Aprili 1971, imeisha, halafu Marvin akasema hapana, ikaenda kuchanganywa tena Los Angeles, hiyo ndo tunayoijua. Ile ya kwanza ikalala miaka 30. Nikiisikiliza naisikia kavu zaidi, ngoma na besi vipo mbele, vinanda havijamwagiwa mwangwi mwingi. Na ni palepale unaelewa Marvin alikuwa anatafuta nini, kwa sababu unasikia alichokikataa. Jabali unayo kwenye hiyo CD, umeisikiliza?

#34 JabaliLaUpanga
Nimeisikiliza. Naipenda kuliko iliyotoka. Ndo maana nasema wangeitoa peke yake.

#35 ShemejiWaMotown
Ngoja ngoja ngoja. Mwenye uzi anasema matoleo mapya ni usanii, halafu anachokipenda kuliko vyote kimetoka 2001? 😂😂

#36 Kisiki cha Mpingo
Karanga zimeisha natuma mtoto dukani.

#37 JabaliLaUpanga
Cheka tu. Detroit Mix ni miksi ya 1971 ya watu wa 1971. Shida yangu na You're the Man ya 2019 ndo mtaielewa, albamu ya Marvin ya 1972 ambayo hakuitoa, wanaitoa yeye hayupo, na nyimbo tatu kapewa prodyuza Salaam Remi azichanganye upya. Marvin kakubali lini?

#38 MamaTausi254
Na hizo singo zake za 1972 zingine angezitaka kwa albamu, nani anajua, alikuwa anabadilisha akili kila wiki. Ukingojea Marvin akubali hata hiyo What's Going On isingetoka, Berry Gordy mwenyewe, mwenye Motown, hakuutaka huo wimbo mwanzo.

#39 AbuSalim_Muscat
Jabali, ule mtihani wa Fundi ushaufanya?

#40 JabaliLaUpanga
Nimefanya jana usiku, shemeji yangu ndo alikuwa anabadilisha. Usawa mmoja wa sauti, nimepima. Sitaki kelele kwenye haya majibu. What's Going On nimeichagua CD ya mshua mara nyingi zaidi, ila ile ya mtandaoni nayo nimeipa kura kwenye Mercy Mercy Me na sikujua ndo yenyewe. Al Green nimechagua rimasta. Otis nimechagua mono bila hata kusita, ile ya 2008.

#41 FundiMitambo
😂 Ahsante kwa uungwana. Mtu mmoja nyimbo chache, haithibitishi kitu, ila sasa angalau unabishana na masikio yako.

#42 Kalamu Kavu
Amechagua rimasta mbili kati ya tatu, usanii umemkolea.

#43 JabaliLaUpanga
Mono ya 2008 ni mono ya 1965 iliyosafishwa, haijaminywa. Nilisema tatizo ni kuminya. Someni #1.

#44 ShemejiWaMotown
#1 umesema "usanii mtupu" kwenye kichwa kabisa, tumesoma.

#45 Mzee Magomeni
Mkimaliza ya Memphis na Detroit, mtuambie na tepu za Radio Tanzania pale. Zipo maelfu, bendi zote zilirekodiwa pale kwa sababu hapakuwa na pengine, na kwa joto na unyevu wa Dar nadhani hizo zimejioka zenyewe.

#46 Binti Temeke
Mzee 😂😂

#47 Mkaa Kibarazani
Na soul yetu wenyewe mzee, Slim Ali na Hodi Boys, mtoto wa Mombasa akiimba Kiingereza cha Kimarekani utadhani kazaliwa Memphis. Lebo ya Soundway ya Uingereza walitoa Kenya Special 2013, mkusanyiko wa singo za miaka ya 70 na 80, nyingi zimetolewa kwenye santuri za watu kwa sababu tepu hazikupatikana. Hapo uulize masta iko wapi waambiwa labda kwa fulani, na huyo fulani hapokei simu.

#48 FundiMitambo
Kutoa kwenye santuri kunawezekana vizuri tu ukiwa na sindano sawa na santuri isiyochoka. Mtu mwenye santuri ndogo za 45 za zamani za soul au za hapa nyumbani asizisafishe na spiriti, mtaziua, hasa zile nzito za 78, hizo spiriti inazila. Maji yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata duara usikatize.

#49 Kalamu Kavu
Fundi hiyo sindano naipata wapi kwa Dar, ya Technics, yangu imepinda toka mtoto aichezee.

#50 FundiMitambo
Njoo PM. Niambie na namba iliyoandikwa kwenye katriji, usiniambie "ile nyeusi".